Maji Kupungua Nguvu Baada ya Kubadilisha Hita: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kila ufikapo msimu wa baridi, hasa kati ya Juni na Agosti, kaya nyingi katika kata za milimani hubadilisha hita za maji zilizochakaa. Kazi yenyewe haizidi nusu siku. Hita ya zamani huteremshwa ukutani, mpya hupandishwa, mabomba huunganishwa, umeme huwashwa, na fundi hulipwa akaenda zake. Jioni ile ile mwenye nyumba afunguapo bomba la mvua hukuta maji yaliyokuwa yakimwagika kwa nguvu sasa yanachuruzika kama uzi. Hapo ndipo lawama huanza: hita ni mbovu, au ofisi ya maji imepunguza maji, au fundi hajui kazi yake. Yawezekana mojawapo ni kweli. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni kitu kidogo kilichokaa mahali pamoja kati ya mita na koki, na mahali hapo panaweza kugunduliwa kwa ndoo, saa ya simu na subira.

Makala hii inawahusu zaidi wakazi wenye hita ya umeme ya kuhifadhi maji, ile ya lita 30 hadi 100 inayotundikwa ukutani. Hita za papo kwa papo zinafungwa juu ya bomba la mvua na zina tabia zake, zitatajwa baadaye.

Hita haizalishi msukumo

Dhana ya kwanza inayofaa kuondolewa ni kwamba hita yenye nguvu hutoa maji yenye nguvu. Katika kibandiko cha hita nyingi huandikwa baa 7.5 au MPa 0.75, ambavyo ni kitu kimoja. Wapo wanunuzi wanaochagua hita kwa kuangalia tarakimu hiyo, wakidhani kuwa iliyo kubwa zaidi itasukuma maji zaidi. Tarakimu hiyo inataja msukumo wa juu kabisa ambao pipa la hita linaruhusiwa kufanya kazi nao. Hita hupokea maji kwa msukumo uliopo, huyapasha moto, na kuyatoa kwa msukumo ule ule ukipungua kidogo njiani. Haiongezi chochote.

Msukumo hutoka mahali pawili tu katika nyumba ya kawaida: kwenye bomba la mamlaka ya maji, au kwenye kimo cha tangi la nyumbani. Kwa tangi, hesabu yake ni nyepesi. Kila mita 10 za kimo huzaa takriban baa 1, na kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa juu wa maji ndani ya tangi hadi pale maji yanapotokea. Mnara wa tangi ukiwa na mita 4, na bomba la mvua likiwa mita 2 juu ya ardhi, kimo kinachobaki ni mita 2, yaani baa 0.2. Tangi likijaa maji ya mita 1 huongezeka baa 0.1. Bomba la mamlaka, kwa upande wake, mara nyingi huleta baa 2 au 3 au zaidi, ingawa kiwango hicho hubadilika kwa saa na kwa mahali nyumba ilipo mlimani.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kizuizi kinachokula baa 0.1 hakitambuliki katika nyumba inayopokea baa 3. Kizuizi hicho hicho katika nyumba ya tangi hula nusu ya msukumo wote uliopo. Ndiyo sababu fundi mmoja anaweza kufunga hita ya aina moja, kwa vifaa vile vile, katika nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ikashukuru na nyingine ikalalamika.

Kuna swali ambalo wengi husahau kumwuliza fundi kabla hajaondoka: je, hita mpya imeunganishwa katika bomba lile lile lililokuwa likilisha hita ya zamani? Mafundi wengine, kwa nia njema, huihamisha hita kutoka bomba la mamlaka na kuiunganisha na tangi ili maji ya moto yapatikane hata siku za mgao. Huo ni uamuzi wenye busara, lakini mwenye nyumba asipoambiwa, atatafuta kizuizi ambacho hakipo. Maji yamepungua nguvu kwa sababu sasa yanatoka mita 3 juu, badala ya kutoka kwenye mtandao.

Jambo jingine la kuelewa ni tofauti kati ya msukumo na kiasi cha maji yanayopita. Koki zote zikiwa zimefungwa, maji yametulia, na msukumo ndani ya bomba huwa ule ule hata kama bomba limezibwa robo tatu. Kizuizi hujidhihirisha maji yanapoanza kwenda. Kwa hiyo koki ikitoa maji kwa nguvu kwa sekunde moja au mbili kisha yakanywea, dalili hiyo inaeleza mengi: chanzo cha maji kina msukumo wa kutosha, ila njia imebanwa. Koki ikitoa maji dhaifu tangu mwanzo hadi mwisho, chanzo chenyewe ndicho kinachopaswa kutiliwa shaka kwanza.

Ndoo na saa

Kabla ya kufungua hata nati moja, mkazi apime. Ndoo ya lita 10 iwekwe chini ya koki, koki ifunguliwe yote, na muda wa kujaa uandikwe. Kipimo kifanyike kwa maji ya baridi, kisha kwa maji ya moto, katika koki ile ile au katika koki mbili zilizo karibu na zenye kimo sawa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 50, maji yanapita lita 12 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 150, ni lita 4 kwa dakika. Kwa kuoga, lita 6 hadi 8 kwa dakika huwatosha watu wengi.

Kipimo hicho kirudiwe asubuhi na usiku, kwa kuwa saa za jioni majirani wote wanapopika na kuoga, msukumo wa mtandao hushuka. Mkazi aliyebadilisha hita asubuhi na kuona maji yamepungua saa moja usiku anaweza kuwa anaona hali iliyokuwapo siku zote, ambayo hakuwahi kuitazama kwa makini.

Matokeo ya ndoo huigawa kazi yote katika njia mbili. Ikiwa maji ya baridi na ya moto yamepungua pamoja, kasoro iko kabla ya mabomba hayo mawili kuachana. Ikiwa baridi ni salama na moto peke yake umepungua, kasoro iko katika njia ya hita, kuanzia pale bomba lake linapochepuka hadi kwenye koki. Ikiwa ni koki moja tu kati ya kadhaa, hakuna haja ya kuigusa hita kabisa. Kasoro iko kwenye koki hiyo.

Maji yote yakipungua

Hali hii ni rahisi zaidi. Ili kubadilisha hita, fundi alilazimika kufunga maji mahali fulani, na kilichofungwa huenda hakikufunguliwa chote. Vali za zamani za kuzungusha, zile ziitwazo geti vali, zina hila yake: bamba lililo ndani huweza kukatika na kubaki chini hata mpini ukizungushwa hadi mwisho. Kwa macho vali imefunguka; ndani imefunga nusu. Vali iliyokaa miaka 10 bila kuguswa ikafungwa siku moja kwa nguvu ndiyo inayovunjika hivyo. Dawa yake ni kuibadilisha, ikiwezekana kwa vali ya tufe yenye mpini wa robo mzunguko, ambayo humwonyesha mtu waziwazi kama imefunguka: mpini ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi.

Vali zikiwa salama, yachunguzwe machujio. Baadhi ya mita zina chujio dogo upande wa kuingilia maji, na maji yakikatika na kurudi ghafla huleta mchanga na kutu vinavyojikusanya hapo. Mita na chujio lake ni mali ya mtoa huduma, na lakiri yake haifai kuvunjwa na mkazi wala fundi wake. Mtu wa ofisi ya maji ndiye anayepaswa kuitwa. Katika nyumba ya tangi, huangaliwa tope lililokaa mdomoni mwa bomba la kutolea maji, na vali ya boya iwapo tangi halijai.

Maji ya moto peke yake

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, na ndipo panapostahili subira.

Kabla ya jambo lolote, umeme wa hita uzimwe kwenye breka yake ndani ya ubao wa umeme. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Kisha maji ya moto yaachwe yatoke hadi yawe ya baridi, au hita iachwe ipoe kwa saa kadhaa. Maji ya nyuzi 60 yakimwagika mkononi huunguza ndani ya sekunde chache. Na ikiwa koki ya moto haitoi maji kabisa tangu hita ilipofungwa, umeme usiwashwe hata kidogo. Hita isiyojaa maji ikiwashwa, koili yake huungua kwa muda mfupi, na wauzaji wengi hawaihesabu hasara hiyo katika dhamana. Dalili ya kuwa hita imejaa ni moja tu: maji kutoka kwenye koki ya moto mfululizo, bila kukohoa hewa.

Njia ya maji ya moto huanzia kwenye vali ya kufungia hita. Baada ya vali hiyo, upande wa baridi wenye alama ya buluu, hukaa kifaa kidogo cha shaba chenye mkono au skrubu na mdomo mdogo wa kutolea matone. Hiyo ni vali ya usalama. Nyingi zina kazi mbili: huruhusu maji kuingia ndani ya hita bila kurudi, na hufunguka iwapo msukumo ndani ya hita utapita kiwango. Sehemu isiyorudisha maji ina chemchemi inayopaswa kusukumwa na maji ili ifunguke. Kwa nyumba ya mtandao chemchemi hiyo si kitu. Kwa nyumba ya tangi lenye mnara mfupi, inaweza kuwa ndiyo kisa chote, hasa ikiwa hita ya zamani ilikuwa ya aina ya wazi, yenye bomba la pumzi linalorudi juu ya tangi, ambayo haikuwa na kifaa hicho. Uchafu nao hupenda kukaa hapo, kwa kuwa ni mahali pembamba kuliko pote. Kipande cha utepe mweupe wa kuzibia nyuzi za bomba, au katani iliyobaki mdomoni mwa kiungo, husafirishwa na maji hadi kwenye chemchemi na kuikwamisha nusu njia. Mshale ulio ubavuni mwa vali uelekee kwenye hita. Vali ikifungwa kinyume maji hayapiti.

Ifuatayo ni mipira ya kuunganishia, ile iliyosukwa kwa nyaya za chuma. Fundi huipenda kwa sababu inajipinda na kuokoa muda, na mwenye nyumba huipenda kwa sababu inang'aa. Lakini mipira mingi inayouzwa kwa jina la nusu inchi ina tundu la ndani la milimita 8 hivi, wakati bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la takriban milimita 16. Kipenyo kikipungua nusu, eneo la kupitia maji hubaki robo. Mpira huo ukipindwa kwa nguvu nyuma ya hita, tundu hubanwa zaidi na kasoro haionekani kwa nje. Pete ya mpira iliyo ndani ya nati nayo ikikazwa kupita kiasi hufurika kuelekea katikati na kuziba tundu. Kwa nyumba ya tangi, kuondoa mipira hii na kuweka bomba pana ni miongoni mwa marekebisho ya bei nafuu yanayoleta nafuu kubwa.

Mabomba yenyewe hubadilishwa pamoja na hita mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, angalau mita 1 au 2 za ukutani. Siku hizi mabomba ya PPR yamechukua nafasi ya yale ya chuma, nayo yana ubora wake: hayashiki kutu. Tatizo liko katika namna yanavyotajwa. Bomba la chuma la nusu inchi huitwa hivyo kwa kukadiria tundu lake la ndani. Bomba la PPR la milimita 20 huitwa hivyo kwa kipenyo chake cha nje, na ukuta wake ni mnene. PPR ya milimita 20 ya daraja la PN20 ina tundu la milimita 13.2 tu. Ile ya milimita 25 ina milimita 16.6, na ile ya milimita 32 ina milimita 21.2. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa na bomba la chuma la nusu inchi akitaka njia isiyopungua anahitaji PPR ya milimita 25. Na aliyekuwa na robo tatu inchi, ambayo tundu lake linakaribia milimita 21.6, anahitaji ya milimita 32. Dukani huambiwa kwamba 20 ndiyo nusu inchi na 25 ndiyo robo tatu. Kwa upande wa viungo, hilo ni sahihi. Kwa upande wa maji yanayopita, bomba limeshuka daraja zima.

PPR huunganishwa kwa kuchomwa, na uchomaji nao una kanuni. Mashine hufikia nyuzi 260, na bomba la milimita 20 hukaa juu yake kwa sekunde 5 hivi. Fundi mwenye haraka au mashoka mengi motoni huliacha zaidi, kisha hulisukuma ndani ya kiungo kwa nguvu. Plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuunda ukingo unaopunguza tundu, pengine kulifunga kabisa. Kiungo cha namna hiyo hakivuji wala hakina dosari yoyote kwa nje. Hugunduliwa kwa kukikata tu, au kwa kupima maji kabla na baada yake.

Katika nyumba zenye mabomba ya chuma ya miaka mingi, ubaya huletwa na kazi yenyewe. Kugongagonga na kufungua nati za zamani huibandua kutu iliyokuwa imetulia ukutani mwa bomba. Vipande hivyo huteremka na maji na kukwama kwenye kona, kwenye koki, na zaidi kwenye chujio dogo la mdomo wa koki au kwenye matundu ya kichwa cha bomba la mvua. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kufanya, kabla hata ya kumwita fundi, ni kufungua kichwa cha bomba la mvua na chujio la koki kwa mkono, kuvisuuza, na kupima tena kwa ndoo. Kazi hiyo haina gharama, na mara nyingi inatosha. Katika koki ya kuchanganyia maji ya moto na baridi, taka huingia ndani ya kitovu cha koki upande wa moto, nacho hulazimika kutolewa na kusafishwa.

Imebaki hewa. Katika nyumba ya tangi, bomba la moto likipanda juu ya dari kisha likashuka, hewa hukusanyika pale juu na maji yenye msukumo mdogo hushindwa kuivuka. Dalili yake ni koki kukohoa, kutoa maji kidogo, kunyamaza, kisha kutoa tena. Ifunguliwe koki ya moto iliyo chini kuliko zote, yote, kwa dakika kadhaa, huku nyingine zikiwa zimefungwa. Isipotoka, fundi alegeze kiungo kilicho juu kabisa ili hewa ipate njia. Zamani mafundi walikuwa wakiisukuma hewa kinyumenyume kwa mpira kutoka koki ya maji ya mtandao hadi ya moto, mpaka itokee tangini. Kwa hita mpya ujanja huo haufiki mbali, kwa kuwa vali isiyorudisha maji huyazuia mlangoni mwa hita.

Kuikaribia kasoro hatua kwa hatua

Chukuliwe mfano wa nyumba inayopata maji ya mtandao. Koki ya baridi hujaza ndoo kwa sekunde 50. Ya moto kwa sekunde 150. Vichujio vimesafishwa na hakuna mabadiliko. Umeme umezimwa na hita imepoa. Fundi, mwenye nyumba akiwapo, anafungua bomba la baridi kabla ya vali ya usalama na kulielekeza ndooni: sekunde 52. Kumbe njia hadi hapo ni salama. Anarudisha vali ya usalama na kupima baada yake: sekunde 58. Nayo si mkosaji. Anaunganisha hita na kupima kwenye mdomo wake wa moto: sekunde 63. Hita imeondolewa katika lawama, pamoja na aliyeiuza. Anarudisha mpira wa upande wa moto na kupima mwisho wa mpira: sekunde 140. Mpira ukifunguliwa, pete yake hukutwa imefurika na kuacha tundu la ukubwa wa punje ya mahindi.

Vipimo vinne, na kasoro imepatikana bila kununua hita nyingine wala kubomoa ukuta. Katika nyumba ya tangi utaratibu ni huo huo, ila fundi akumbuke kwamba hita iliyotundikwa juu ina kimo kidogo cha maji kuliko koki ya chini, kwa hiyo sekunde zitaongezeka kiasi hata pasipo kizuizi. Hapo kinachotafutwa ni mruko mkubwa kati ya kipimo kimoja na kingine.

Vali ya usalama isiondolewe

Katika kutafuta maji zaidi, wapo wanaoshauri vali ya usalama iondolewe, au mdomo wake uzibwe kwa sababu unadondosha matone. Ushauri huo ni wa hatari na usifuatwe hata siku moja. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 huongezeka ujazo kwa asilimia 1.5 hivi. Katika hita ya lita 80 ongezeko hilo ni kama lita 1.2, na kwa kuwa maji hayawezi kurudi nyuma, lazima yapate pa kutokea. Matone yanayoonekana hita ikiwa inapasha ndiyo kazi ya vali hiyo. Mdomo wake uachwe wazi na uunganishwe kwa mrija mwembamba hadi sakafuni au nje.

Hatari kubwa zaidi huja kidhibiti joto kinaposhindwa kuzima. Maji huendelea kupanda joto hadi kupita nyuzi 100 ndani ya pipa lililofungwa, na pipa likipasuka maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Hita ya namna hiyo hubomoa ukuta. Kwa nyumba ya tangi ambayo vali yenye chemchemi inaizuilia maji, suluhisho halali ni kuinua tangi, kupanua bomba, kufunga pampu ndogo baada ya tangi, au kununua hita iliyotengenezwa kwa msukumo mdogo na yenye bomba lake la pumzi. Mtengenezaji wa hita hueleza katika kijitabu ni aina gani ya usalama inayohitajika. Fundi akisome kabla ya kufunga, na mwenye nyumba akihifadhi.

Hita za papo kwa papo na za jua

Hita ya papo kwa papo hupasha maji yakiwa yanapita, hivyo yenyewe huyabana ili yapate joto. Kupungua kwa kiasi fulani ni maumbile yake. Aliyetoka kwenye hita ya pipa akaenda kwenye hita hii atauona upungufu hata kazi ikiwa imefanywa vyema. Baadhi huja na kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza maji, kwa ajili ya nyumba zenye msukumo mkubwa. Nyumba ya tangi hukitoa, kwa kufuata kijitabu. Msukumo ukiwa chini ya kiwango kilichoandikwa hita haiwaki kabisa, na mkazi huidhani kuwa imeharibika. Waya wa ethi uwepo na uwe umeunganishwa kweli, kwa kuwa maji hayo humfikia mtu akiwa amesimama mtupu juu ya sakafu iliyolowa. Kazi ya umeme ifanywe na mtu mwenye leseni ya kufunga nyaya inayotolewa na EWURA.

Hita za jua zikaazo juu ya paa zina shida ya kimo: chombo chake kinaweza kuwa karibu sawa na tangi, na tofauti ya nusu mita haitoshi kuleta maji ya kuridhisha. Tangi liinuliwe juu ya chombo hicho kabla ya kufunga hita.

Pale ofisi ya maji inapohusika

Kwa kawaida mtoa huduma huwajibika na mtandao hadi kwenye mita, na mkazi huwajibika na mabomba yaliyo baada ya mita. Kwa hiyo kipimo cha mwisho chenye manufaa ni cha koki iliyo karibu kabisa na mita, ile ya uani. Ikijaza ndoo kwa nguvu za siku zote, ofisi ya maji haina la kurekebisha. Ikiwa nayo imedhoofika, na majirani wa pande zote mbili wanaona vivyo hivyo, kuna uwezekano wa bomba kupasuka chini ya ardhi au vali ya mtaa kutofunguliwa yote, na taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Mjini taarifa hupelekwa kwa mamlaka ya maji. Vijijini hupelekwa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho husimamiwa na RUWASA, wakala ulioanzishwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019.

Mkazi asifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtandao ili kujiongezea maji. Pampu hiyo huvuta maji ya majirani, na bomba likiwa na ufa hufyonza hata maji machafu ya ardhini kuyaingiza katika mtandao unaonywewa na mtaa mzima. Pampu ikae baada ya tangi la nyumbani.

Anayekwenda kutoa taarifa achukue namba ya mita, tarehe hita ilipobadilishwa, saa ambazo maji hupungua, na sekunde za ndoo alizoandika kwa koki ya uani na kwa koki za ndani. Kwa karatasi hiyo, fundi wa zamu ataweza kujua kabla ya kutoka ofisini iwapo anapaswa kubeba funguo za mita au koleo la kuchimbia barabara.